Boila ya Nyumbani: Kazi ya Mwenye Nyumba na Kazi ya Fundi

Kwenu ninyi mlioko madarasani, na ninyi wenzangu tuliokwisha kutoka, nawaletea habari za chombo ambacho kwetu hakijulikani sana, maana jua hutufanyia kazi yake bila malipo. Huku Leeds, Uingereza, nilikonunua nyumba, nyumba isiyo na boila mwezi wa Desemba haikaliki. Nilipokuwa mpangaji, boila ilipozimika nilimwita mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba ni mimi.

Boila yangu ni sanduku jeupe lililotundikwa ukutani jikoni. Ndani yake gesi huwaka na kupasha maji moto, na pampu huyasukuma maji hayo katika mabomba mpaka kwenye rejeta za vyumbani, yaani vile vyombo vipana vya chuma vilivyofungwa ukutani ili kutoa joto. Yakiisha kupoa hurudi kupashwa tena. Ni maji yale yale yanayozunguka siku zote. Hayanywewi wala hayaogwi. Maji ya kuoga yana njia yake peke yake, nayo hupata moto pale bilula inapofunguliwa.

Kila juma mimi huitazama geji. Boila ikiwa baridi, mshale hufaa uwe kati ya bar 1 na bar 1.5. Ukishuka chini sana, boila hukataa kuwaka. Basi hufungua polepole bilula ndogo za bomba la kujazia mpaka mshale upande, kisha huzifunga kabisa. Asiyezifunga atajuta, kwani presha ikifika bar 3 vali ya usalama hufunguka na maji humwagika nje. Tena, mshale ukishuka kila juma, usifurahie kujaza tu. Pana mahali panavuja, na kila maji mapya yanayoingia huja na oksijeni, na oksijeni hula chuma.

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo, ingawa haionekani. Kutu ya ndani ya rejeta huwa tope jeusi ambalo hutuama chini. Kwa hiyo wekeni mkono: rejeta iliyo moto juu na baridi chini ina tope, iliyo baridi juu na moto chini ina hewa. Ya hewa ni kazi ya mwenye nyumba. Zima boila, ngoja maji yapoe, shika tambara, kisha zungusha ufunguo mdogo wa rejeta kidogo tu. Hewa italia "sss", na maji yakianza kutoka, funga, ukaitazame geji tena. Ya tope mwachie fundi. Huyo huosha chujio lenye sumaku linalonasa tope hilo, na kutia dawa ya kuzuia kutu.

Boila za siku hizi hupoza moshi wake hata mvuke uliomo ukageuka maji, ili joto lisipotee. Maji hayo hutoka nje kwa bomba la plastiki, na usiku wa baridi kali huganda humo, boila ikasimama. Mimina maji ya uvuguvugu juu ya bomba, yasiwe ya kuchemka. Watu hulipa fedha nyingi kumwita fundi kwa kazi ya birika moja!

Lakini kifuniko cha sanduku lenyewe sikifungui. Sheria ya huku hairuhusu kazi ya gesi ila kwa fundi aliyeandikwa katika daftari la Gas Safe, lililoanza mwaka 2009. Huja mara moja kwa mwaka, nami huomba kadi yake kabla hajashika bisibisi, nikaisome na nyuma, maana ndiko kulikoandikwa kazi anazoruhusiwa. Sioni haya kufanya hivyo. Gesi isipowaka vizuri huzaa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Damu huipokea kwa urahisi kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na usingizi, halafu haamki.

Hewa hiyo si ngeni kwetu. Ndiyo ile ya sigiri ya makaa inayoingizwa chumbani usiku wa mvua na mlango ukafungwa. Makaa mekundu yasiyo na moshi huwadanganya watu wadhani hatari imekwisha, kumbe hutoa hewa ile ile.

Huku ipo kengele ya kuinusa. Ikilia, fungua milango na madirisha, zima boila, toa watu wote nje, ndipo upige simu. Yangu ni ya betri, na kila mwezi huibonyeza kuijaribu. Sauti yake humwamsha hata mlevi.