Vigogo wa Sierra Nevada na Majirani Zao

Mti mkubwa kuliko yote duniani uko Marekani, jimbo la California, kwenye mteremko wa magharibi wa milima ya Sierra Nevada. Unaitwa General Sherman, nao ni msekwoya. Watalii huupiga picha, wakashangaa, wakaondoka, bila kujua kwamba walikuwa wamesimama ndani ya msitu wa misonobari mchanganyiko uliosheheni rekodi nyingine, baadhi zikishikiliwa na miti ambayo hakuna aliyeigeuzia kamera. Msitu wenyewe ni adimu. Misekwoya hii ya milimani haioti kwa asili kokote pengine ila katika vijisitu vipatavyo 75, vilivyotawanyika kwenye ukanda wa kilomita 420 hivi, vingi vikiwa kati ya mita 1,400 na 2,200 juu ya usawa wa bahari.

Mkubwa, si mrefu

General Sherman umepata cheo chake kwa ujazo wa shina: mita za ujazo 1,487. Ukitaka kuuzunguka pale chini, utatembea mita 31. Kwa urefu, hata hivyo, haufui dafu. Una mita 83.8 tu, wakati binamu zake wa pwani ya California hupita mita 115. Na hapa Afrika Mashariki tuna la kusema: mwaka 2016 ilitangazwa kwamba kwenye bonde moja la Kilimanjaro kuna mti wa jamii moja na mkangazi wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti mwingine wowote wa asili uliopimwa Afrika. Tofauti yake na General Sherman ni mita mbili na ushei. Sijaona basi la watalii likisimama kwa ajili yake.

Kwa umri pia msekwoya si bingwa, ingawa yumo katika orodha ya juu. Kisiki kimoja kilihesabiwa pete za ukuaji 3,266, yaani mwaka mmoja kwa kila pete. Ng'ambo ya Sierra, kwenye milima mikavu ya mashariki, kuna misonobari midogo iliyopindapinda ambayo imevuka miaka 4,500.

Koni ndefu kuliko zote

Jirani anayestahili heshima zaidi ni msonobari wa sukari, ulioitwa hivyo kwa sababu utomvu wake ni mtamu. Huu ndio mrefu kuliko misonobari yote halisi. Upo uliopimwa Yosemite na kupita mita 83. Tena koni zake ni ndefu kuliko za mti mwingine wowote unaozaa koni, na nusu mita si ajabu. Zinaning'inia kwenye ncha za matawi marefu ya juu, na ukilala chini yake ujue umelala wapi. Adui yake ni kuvu wa kutu aliyefika pwani ya magharibi ya Amerika karibu mwaka 1910, akiwa amejificha kwenye miche iliyoagizwa kutoka Ulaya.

Kando yake huota mwerezi wenye harufu ya ubani, ambao mbao zake laini ndizo zilizotengenezewa penseli nyingi za Marekani. Mwerezi wa milima ya Kenya na Tanzania nao ulikatwa kwa kazi hiyohiyo, na una rekodi isiyo na mpinzani: ndio pekee wa jenasi yake uliovuka ikweta kwa asili.

Mbegu ndogo, jitu kubwa

Gramu moja ina mbegu za msekwoya zipatazo 200. Koni hukaa juu ya mti zikiwa kijani na zimefungwa, hata miaka 20. Kindi huzitafuna ngozi na kuangusha mbegu. Mbawakawa mmoja mdogo huzitoboa zikakauka. Lakini mfunguaji mkuu ni moto. Joto linalopanda kutoka chini hukausha koni kwa maelfu, mbegu zikamwagika juu ya majivu na udongo mtupu, penye jua. Zikiangukia kwenye takataka nene za majani hufa karibu zote.

Mti mzima wenyewe umejivika gome linaloweza kufikia unene wa sentimita 60, lenye ulimbo kidogo sana. Makovu yaliyofunikwa na pete yanaonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka elfu mbili moto mdogo ulipita mara kwa mara, wakati mwingine kila baada ya miaka michache. Radi iliwasha, na wenyeji wa asili wa milima hiyo nao waliwasha kwa makusudi. Kisha wenyeji wakafukuzwa, na karne ya ishirini ikaja na sera ya kuzima kila cheche. Firi nyeupe, mti unaovumilia kivuli, ukajaa chini ya majitu. Ukawa ngazi ya kupandishia moto hadi kileleni.

Rekodi isiyotakiwa

Wakata miti walitangulia. Mwaka 1853 msekwoya mkubwa wa kijisitu cha Calaveras uliangushwa ili uonyeshwe kwa viingilio, na kisiki chake kikawa ukumbi wa dansi. Katika kijisitu kingine, Converse Basin, waliangusha maelfu, ilhali mbao za msekwoya hukatikakatika mti unapoanguka, na nyingi ziliishia kuwa vigae vya paa na nguzo za uzio. Sioni upotevu wa kipuuzi kuliko huo katika habari yote hii.

Hata hivyo, miaka miwili tu imeshindana na mashoka yale. Ukame wa 2012 hadi 2016 uliacha California na miti milioni 129 iliyokufa, mingi ikiwa Sierra, kuni tayari. Moto wa Castle wa 2020 uliua misekwoya mikubwa kati ya 7,500 na 10,600. Mioto ya 2021 ikaongeza kati ya 2,261 na 3,637. Ukijumlisha, ni asilimia 13 hadi 19 ya misekwoya mikubwa yote duniani.

Septemba 2021 shina la General Sherman lilivishwa karatasi ya alumini ili kulikinga na moto, na picha ile ikazunguka dunia. Lakini hifadhi uliko mti huo imekuwa ikichoma msitu wake kwa mpango tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na moto ulipofika sehemu zilizokwisha kuchomwa ulipungua nguvu. Kwa hesabu yangu, General Sherman uliokolewa zaidi na kiberiti cha wahifadhi kuliko na karatasi.