Utumbo ukikatwa, swali ni kilichobaki

Daktari akishaondoa utumbo uliooza, faili la mgonjwa mara nyingi hutaja sentimita alizokata. Zilizobaki hazitajwi, na ndizo zitakazoamua kama mtu huyu ataishi kwa sahani au kwa dripu. Huwezi kuzipata kwa kutoa tu, kwani utumbo mwembamba wa mtu mzima huwa na urefu wa kati ya mita 3 na 8 hivi. Ukikatwa mita 2, mwingine hatadhurika sana, mwingine atabaki na mita moja.

Ukibaki chini ya sentimita 200, chakula na maji hupita kabla ya kufyonzwa vya kutosha: mgonjwa anahara, anakonda, anaishiwa chumvi. Chanzo huweza kuwa utumbo kujisokota au damu kuganda katika mishipa yake. Kwa watoto njiti, mara nyingi ni utumbo kuoza.

Katika kupima kilichobaki, CT-scan husaidia, hata miaka mingi baada ya upasuaji. Mgonjwa hunywa maji maalumu ya kutanua utumbo, kisha picha za tumbo hupigwa vipande vyembamba. Kwa kompyuta, mtaalamu wa radiolojia huufuata utumbo katikati yake, kona kwa kona. Kazi yenyewe ni kama kupima kamba iliyorundikwa ndani ya mtumbwi bila kuigusa, na makovu yakiwa yamegandisha mikunjo, jibu huwa makadirio. Lakini hata rula ya chumba cha upasuaji hukadiria, maana utumbo hunyumbuka.

Picha hiyohiyo huonyesha kama utumbo mpana upo, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko sentimita zenyewe. Ambaye utumbo wake unaishia kwenye tundu la tumboni ukiwa na chini ya sentimita 100 hivi kwa kawaida hutegemea lishe ya mshipani. Ambaye wake umeunganishwa na utumbo mpana anaweza kujitosheleza kwa kama 60, kwa kuwa utumbo huo huokoa maji na sehemu ya nishati. Huyu wa pili, hata hivyo, huelekea kupata mawe ya figo, nayo CT huyaona vizuri.

Isichokiona ni ufyonzaji. Huo hufuatiliwa kwa uzito, mkojo na vipimo vya damu, hasa miaka 2 ya mwanzo, utumbo unapojizoesha. Kwa watoto, mionzi ikirudiwarudiwa ina hatari, hivyo ultrasound au MRI hufikiriwa kwanza.