Maji Yanapozuiwa Kuchemka

Kwenye sufuria ya kawaida, maji yakifika nyuzi 100 hayapandi tena. Moto wote wa ziada huishia kutengeneza mvuke. Yafungie ndani ya chombo cha chuma, nayo yanaweza kubaki majimaji hadi karibu nyuzi 374. Kwa nyuzi 200, presha inayohitajika ni kama mara 16 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Kazi kubwa ya presha hiyo ni kuyanyima maji nafasi ya kugeuka mvuke. Maji ya namna hii hutumika kukamua viambato vya mwani, na anayeukamua ni joto.

Molekuli ya maji ina upande wa chaji chanya na upande wa chaji hasi, ndiyo maana maji huyeyusha chumvi na kuyakataa mafuta. Joto likipanda, molekuli huhangaika na tabia hiyo hulegea. Wanakemia huipima kwa namba: katika joto la kawaida ni karibu 80, lakini kwa nyuzi 250 hushuka hadi 27 hivi, jirani na ethanoli yenye 24. Maji matupu huanza kutenda kama spiriti, bila spiriti yoyote kuongezwa. Pia huwa mepesi, hupenya kuta za seli, na hukatakata minyororo mirefu ya sukari.

Viwanda vya agari, ute wa mwani unaogandisha vyakula, hunufaika na hili kwa kiasi: mwani mwekundu wa jamii ya Gelidium hupikwa kwa presha, juu kidogo ya nyuzi 100, ili agari itoke haraka na kwa wingi.

Tatizo huja joto linapozidi. Mtafiti Elena Ibáñez na wenzake wa Madrid, Hispania, walipoikamua mimea na aina kadhaa za mwani kwa njia hii, waliona nguvu ya antioksidanti ikiongezeka kwenye nyuzi 200. Habari njema? Nusu tu. Mwaka 2010 walieleza kwamba sehemu ya antioksidanti hizo haikuwamo kwenye mwani. Ilizaliwa ndani ya chombo, sukari na protini zilipoungana katika mmenyuko uleule unaolipa andazi rangi ya kahawia. Kwangu mimi, huko ni kupika, na lebo ya chupa ingepaswa kusema hivyo.

Kwa hiyo joto huchaguliwa kwa kuangalia kinachotafutwa. Anayetaka fukoidani, sukari ya mwani wa kahawia, ikiwa na minyororo mirefu hulishusha. Anayetaka sukari za kuchachushwa hulipandisha, lakini si mno, maana sukari nazo huungua.