Khabari za Msafiri ni Amana



Kusafiri ni jambo lililoruhusiwa na kusifiwa katika dini yetu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Mulk, aya ya 15, tutembee katika pande za ardhi na tule katika riziki yake. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha pia kuwa safari ni sehemu ya adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akatuhimiza tufanye haraka kurudi kwa watu wetu tukisha kumaliza haja zetu.

Hapa Songea wako wengi walioionja adhabu hiyo. Kaa barazani baada ya sala ya Alasiri, utaje jina la mji fulani, hukosi kumsikia mtu akisema, "Huko sirudi tena, hata nivutwe kwa kamba." Tumewasikiliza watu wa namna hii kwa miaka mingi, na twaona liko jambo moja linalowakusanya wote. Mji waliuona kama ulivyo siku zote. Khabari walizopewa kabla ya kuondoka ndizo zilizowahadaa. Na aghalabu aliyewapa khabari hizo ni ndugu yao, aliyetangulia kwenda huko na akaona haya kusema kweli.

Njia ya Tanga

Mambo haya si mageni kwetu. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka wa 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, na katika miche elfu moja iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yalitoka mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, nayo mashamba yakataka watu. Wangoni na majirani zao wa kusini walikuwa na haja ya fedha ya kodi, na nchi yao ilikuwa mbali na reli na masoko. Basi wakaenda. Kabla ya malori, wengi walikwenda kwa miguu. Mwaka wa 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuajiri watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Songea ikawa miongoni mwa mahali ilipotafuta watu wake.

Waliokwenda waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Walipewa pia kipande cha siku 30 za kazi. Mtu alipangiwa kiasi cha majani ya kukata, na siku asiyokitimiza haikuandikwa, hata kama alishinda juani tangu alfajiri. Kwa hivyo mwezi wa kipande haukuwa sawa na mwezi wa kalenda. Miiba ya mkonge ilichoma mikono na miguu, na homa haikuwa mbali.

Sasa jiulize, msomaji: ilikuwaje watu wakaendelea kwenda, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo wenzao walitaabika? Sababu moja ilikuwa kodi, na hiyo haikuwa na hiari. Sababu ya pili ilikuwa yule aliyerudi. Alirudi na nguo mpya, pengine na baiskeli, na watu wakaitazama baiskeli. Makovu yalikuwa ndani ya nguo, wala hakuna aliyeyauliza.

Safari za siku hizi

Siku za manamba zimepita, lakini mwendo ni ule ule. Katikati ya miaka ya 1990 vito vilipatikana kwa wingi Tunduru, katika mkoa wetu huu huu, na watu wakamiminika kutoka kila upande. Wako waliopata, nao wakasemwa sana. Waliochimba kando ya mto wa Muhuwesi wakaondoka na shoka walilokuja nalo, hao hawakusemwa na mtu.

Leo kijana wa Songea hutazama Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa njia ya Njombe na Iringa. Tunamjua mmoja aliyesoma chuoni kwetu. Mwenzake alimpelekea khabari kwa simu kuwa yeye ni msimamizi wa duka Kariakoo, na akampa na picha akiwa amesimama mlangoni pa duka hilo. Mama yake kijana, mjane, akauza magunia sita ya mahindi ili mwanawe apate nauli na fedha ya kuanzia. Alipofika aliliona duka, na mlango wake ni ule ule wa kwenye picha. Mwenzake alikuwa akibeba mizigo ya wateja kwa mchana, na usiku akilala katika baraza ya duka hilo juu ya makaratasi ya maboksi. Kijana yule alivumilia miezi mitano, akarudi.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi, vijana walimzunguka nje ya msikiti wamuulize habari za mji. Yeye akawaambia yote: alilala wapi, alikula nini, alipata kiasi gani siku njema na siku mbaya. Baadhi yao walimcheka. Wawili katika waliomsikiliza walikuwa wamekwisha kuweka nauli. Mmoja aliahirisha safari, akakodi shamba. Wa pili alikwenda, lakini hakwenda mpaka alipompata fundi seremala aliyekubali kumfundisha kazi na kumpa mahali pa kulala. Naye yuko huko hadi leo, na anajitegemea. Tazameni faida ya ulimi mmoja uliosema kweli!

Iko na safari ya mbali zaidi, ya mabinti zetu kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wako waliopata waajiri wacha Mungu, wakatuma fedha na wakasomesha wadogo zao. Lakini mwaka wa 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, na ndani yake mna wanawake walionyang'anywa paspoti zao, waliofanyishwa kazi tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, na walionyimwa mishahara. Mama wa Kiislamu asidhani kuwa nyumba yoyote inayosaliwa ndani yake ni salama kwa mwanawe kwa sababu hiyo tu. Kabla hajampa radhi asafiri, na aulize mkataba uko wapi, umeandikwa lugha gani, na paspoti itashikwa na nani.

Mafunzo ya Kitabu na Sira

Dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuihakikisha khabari inayoletwa na fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta. Na khabari ya uwongo iliwahi kuwapata hata Masahaba. Katika mwaka wa tano wa Utume kundi dogo la Waislamu lilihamia Habasha, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alijua kuwa kwa mfalme wa huko hadhulumiwi mtu. Safari hiyo ilisimama juu ya khabari ya kweli, na wakapata amani. Kisha ikawafikia khabari kuwa watu wa Makka wamesilimu, na baadhi yao wakafunga safari ya kurudi. Walipoukaribia mji wakajua kuwa si kweli. Wengine waliingia kwa kujificha au kwa kuombea ulinzi, na wengine wakarudi walikotoka. Basi ikiwa wabora wa umma huu walitaabishwa na khabari isiyo kweli, sisi ni nani?

Na wewe uliyerudi safarini, watazame ndugu zake Nabii Yusuf. Mara ya kwanza walirudi kwa baba yao na kanzu yenye damu ya uwongo. Miaka ikapita, wakarudi bila ya Binyamini, na safari hii wakaeleza waliyoyaona, hata wakamwambia mzee aulize mji na msafara waliokuja nao. Hakuwaamini. Ndiyo khasara ya msafiri mwongo: siku atakapokuwa na khabari ya kweli ya kuokoa mtu, hatakuwa na wa kumsikiliza.

Maswali ya kuuliza

Lakini tusiwalaumu vijana peke yao. Katika nyumba nyingi kijana akirudi, jambo la kwanza kutazamwa ni begi lake. Akirudi mikono mitupu hupewa majina. Ndiyo maana huazima viatu na simu kabla ya kupanda basi la Idi. Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye kujionyesha kwa kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Nguo hizo kijana huzivaa mwenyewe, lakini mara nyingi jamaa zake ndio waliomkatia kitambaa.

Basi mpokeeni aliyerudi kwa maji na chakula kwanza, muiache zawadi. Kisha mwulizeni maswali yenye faida: Wiki ya kwanza ulilala wapi? Mwezi mbaya kupita yote ulipata kiasi gani? Kodi ya chumba ni shilingi ngapi? Ulipougua nani alikuuguza? Msikiti ulikuwa karibu, na kazi ilikupa nafasi ya kusali? Majibu ya maswali haya yatamfaa anayetaka kwenda kuliko picha mia. Naye anayetaka kwenda na asali istikhara, awashauri wanaojua, na akumbuke neno la wahenga: usisafirie nyota ya mwenzio.

Mwisho, aliyevunjwa moyo na mji asiulaani. Mtume wetu (S.A.W.) alikwenda Taif pamoja na Zaid bin Haritha, akafukuzwa kwa mawe mpaka miguu yake ikatoka damu. Alipoletewa Malaika wa milima, alikataa watu wale waangamizwe, akataraji kuwa katika vizazi vyao watatoka wenye kumuabudu Mungu mmoja. Katika mwaka wa tisa wa Hijra ujumbe wa Taif ulimjia Madina, wakasilimu. Wala hakuificha siku ile: alipoulizwa na Bibi Aisha, alimweleza taabu aliyoipata kwa watu wale, kama ilivyokuwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarudishe salama wasafiri wetu wote, na azijaalie ndimi zao kuwa ndimi za kweli. Amin.