Likizo bila kuvuka mpaka wa mkoa: wapeleke watoto kwenye njia ya misafara



Kila shule zinapofunga, simu ya studio hupokea ujumbe wa aina moja: mtangazaji, watoto wako nyumbani, tuwapeleke wapi? Wengi wanaouliza wana Serengeti kichwani, au bahari ya Dar es Salaam. Wakishapiga hesabu ya nauli ya watu watano, wanaghairi, na mtoto anamaliza likizo akichunga mbuzi kama siku nyingine zote.

Mkoa wa Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na kwa eneo ndio mkubwa kuliko mikoa yote nchini. Ndani yake inapita njia ambayo watu wa Ulaya na Marekani wanasafiri kuja kuiona, na sisi tunapita juu yake na baiskeli bila kujua. Nisikucheke, maana na mimi ni hivyo hivyo. Nimezaliwa mkoa huu, lakini sikuingia kwenye tembe la Kwihara mpaka nilipotumwa kikazi na kinasa sauti mkononi, nikiwa na miaka 27. Utotoni safari zetu zote zilikuwa za misiba na harusi.

Leo basi nieleze njia hiyo ni ipi, familia yenye pesa kidogo inaweza kuona nini, na jinsi ya kumjibu mtoto atakapouliza swali gumu. Ataliuliza tu.

Njia yenyewe

Karne ya 19 ilikuwapo njia ya miguu kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, mwendo wa kama kilomita 1,200, ikipita Mpwapwa na Kilimatinde. Tabora, ambayo wageni wa wakati ule waliiita Kazeh, ilikuwa kituo kikubwa cha katikati. Hapa misafara ilipumzika, ikabadilisha wapagazi, ikanunua chakula, kisha ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka bara walipelekwa watumwa na pembe za ndovu. Kutoka pwani vilikuja vitambaa, shanga, nyaya za shaba na bunduki.

Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh Novemba 7, zaidi ya miezi minne njiani. Leo basi linatoka Dar es Salaam alfajiri na usiku uko Tabora.

Na mizigo nani aliibeba? Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Ukitaka mtoto aelewe, mpe hesabu ya nyumbani: ni kama debe moja na nusu la mahindi, kichwani au begani, kutoka hapa mpaka baharini. Wapagazi hao wengi walikuwa watu huru waliokwenda kwa ujira. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanaume kamili.

Njia hiyo ilituachia maneno tunayoyatumia mpaka leo. Posho ilikuwa chakula cha kila siku cha mpagazi, aghalabu kibaba cha nafaka au kitambaa cha kununulia chakula, kabla haijawa pesa ya semina. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite kwenye nchi yake, jambo lililojulikana na kila mtu, halikufanywa kwa kificho. Waulize watoto kwenye basi neno hilo limepotokaje. Wangu walibishana mpaka tukafika.

Kwihara

Kama una siku moja tu, nenda Kwihara. Ipo nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa kusini magharibi, bodaboda au bajaji inakufikisha. Kuna nyumba ya tembe yenye kuta nene za udongo, paa la bapa na mlango wa nakshi wa kipwani, ambayo sasa ni makumbusho. Ukiingia saa saba mchana wa Septemba, joto unaliacha mlangoni. Mwambie mtoto ashike ukuta, ajue kwa nini watu walijenga hivyo.

Hapo alikaa mmishonari Mskoti, David Livingstone. Mwandishi wa habari Henry Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871 wakaja pamoja Kwihara, wakafika Februari 1872. Stanley aliondoka Machi 14. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Alisubiri zaidi ya miezi mitano. Wapagazi 57 walipofika, akaondoka Agosti 25 kuelekea kusini, na Mei 1873 akafia kwa mtemi Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Ndani utaona picha, ramani na nakala za barua. Mwongoza wageni atakueleza zaidi habari za Livingstone, na ni haki yake, jina la nyumba ndilo hilo. Lakini mimi nakushauri umwombe akueleze habari za Susi na Chuma. Hao walikuwa Waafrika waliomtumikia Livingstone kwa miaka mingi. Alipokufa, wao na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga kama mzigo wa kawaida, wakaubeba kwa miguu kurudi pwani. Oktoba 1873 walipita hapa hapa Kwihara, wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron, aliyewashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Walimfikisha Bagamoyo Februari 1874, na Aprili mwaka huo akazikwa London, katika kanisa wanakozikwa wafalme. Mtoto wa miaka minane anaelewa habari hiyo kuliko tarehe kumi za wapelelezi.

Sasa lile swali gumu. Mwanangu wa darasa la nne aliniuliza tukiwa uani: baba, sisi tulikuwa tunauzwa au tulikuwa tunauza? Nilitaka kumkatisha. Wazazi wengi hujibu haraka kwamba Waarabu waliuza na sisi tuliuzwa, mambo yanaisha. Ukweli ni mzito zaidi. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi makubwa hapa, na mashamba yao yalilimwa na watumwa. Watu waliotekwa vitani bara walipitishwa hapa wakiwa wamefungwa. Lakini baadhi ya watemi na wafanyabiashara wa Kinyamwezi nao walikuwa na watumwa, na waliuza watu. Wengine walikuwa wapagazi wa ujira, wengine walitekwa wao wenyewe. Katika ukoo mmoja unaweza kukuta wote hao. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, na wazee waliozaliwa karibu na wakati huo tumewazika sisi wenyewe.

Kwa hiyo nilimjibu: pande zote mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama babu anajua sisi ni wa upande gani. Nakushauri ukae na mzee wa ukoo kabla ya safari. Muulize babu yake alikuwa nani na alikwenda wapi, rekodi kwa simu. Lakini usimlazimishe mbele ya watu, maana kuna familia ambazo asili ya bibi fulani haitajwi kwa sababu hiyo hiyo.

Siku moja mjini

Anzia stesheni ya reli. Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na hapo kazi ya mpagazi ikaanza kufa. Mwaka 1916, wakiwa vitani na wamekatiwa njia ya bahari, walitengeneza pesa hapa hapa katika karakana ya reli: sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Septemba mwaka huo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likauteka mji. Wanaokusanya sarafu ng'ambo wanaitafuta ile ya tembo mpaka leo. Ukikuta mtu anakuuzia "ile original" sokoni, shika mfuko wako.

Boma la Wajerumani litazame kwa mbali. Linatumiwa na jeshi, na kupiga picha eneo la jeshi kutakuharibia likizo.

Tabora School, tunayoiita Tabora Boys, ndiko aliposoma Julius Nyerere kuanzia 1937. Baadaye alirudi mjini kufundisha St. Mary's. Na Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake hapa Tabora, ikabishana kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi washiriki, na TANU ikashinda. Ndio huo tunaouita Uamuzi wa Busara. Ukitaka kuingia ndani ya shule, omba ruhusa kwa mkuu wa shule mapema, usifike tu na watoto getini.

Urambo, kwa Mirambo

Walioko Urambo na Kaliua hawana haja ya kuja mjini kwanza. Iselamagazi ilikuwa makao ya Mtemi Mirambo, na kaburi lake liko huko. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walimwendea kwa vita, Stanley akiwa upande wao. Mirambo aliwashinda, akaja akachoma sehemu ya mji. Baadaye Stanley huyo huyo alimfananisha na Napoleon wa Ufaransa. Alifariki Desemba 1884.

Usitegemee jengo la kifahari. Ni mahali pa kimya, na bila mtu wa kukueleza utaona kaburi tu. Pitia ofisi ya kijiji, jitambulishe, omba mzee anayejua habari, na mpe kitu cha asante. Vua kofia. Ukiona watu wako kwenye tambiko, subiri.

Msitu, asali na maji

Watoto wengi wa vijijini wameona mzinga, kwa hiyo hapa sitakaa sana. Ila mtoto wa mjini aliyekuja likizo kwa bibi apelekwe kwa mfugaji nyuki, aone mzinga wa gome la myombo na wa kisasa, aonje asali ikiwa na masega yake. Msimu mkubwa wa kurina huja mvua zikishakwisha. Mwenye mzio wa nyuki abaki nyumbani.

Bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji, ni pazuri kwa chakula cha mchana chini ya mti. Kuogelea sishauri, kwa sababu maji yaliyotuama hubeba kichocho, na bwawa halina mlinzi wa kumwokoa mtoto.

Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, ina viboko, mamba, simba na palahala. Kwa Mtanzania kiingilio ni kidogo sana kuliko cha mgeni, na mtoto chini ya miaka 5 halipi. Tatizo ni gari, na mbung'o. Usivae nguo za bluu wala nyeusi, zinawavuta. Kwa familia moja gharama ya gari itauma. Ongeeni familia nne au tano, au mwombe mwalimu aandae safari ya shule.

Kuhusu pesa na msimu

Juni barabara ni kavu na asubuhi ni baridi, beba sweta. Desemba kuna mvua, na barabara za vumbi zinageuka tope, lakini ndio wakati wa maembe. Miembe mingi mikubwa ya Tabora inasemekana ilifuata njia ya misafara, wasafiri wakila embe na kutupa kokwa. Mingine inakatwa mkaa sasa hivi. Muonyeshe mtoto ule ulio karibu na kwako kabla haujageuka gunia.

Funga chakula nyumbani: matobolwa, karanga, maji ya kutosha. Kinachobaki kulipa ni nauli na kiingilio. Bei ya kiingilio hubadilika, uliza kwanza, na udai risiti. Beba kitambulisho ili ulipe kama Mtanzania. Treni ya kwenda Urambo na Kaliua haipiti kila siku, ulizia stesheni siku na saa kabla hujawaambia watoto. Ukiwaambia kwanza, hawatalala.