Mapendo haihitaji jengo, inahitaji mkutubi

Mwaka 2006 wakutubi wa Illinois, Marekani, walifungua maktaba ndani ya Second Life, dunia ya mtandaoni ambamo mtu hutembea kwa umbo la kuchorwa. Mgeni alifika mezani, akaandika swali lake, na aliyemjibu alikuwa mkutubi halisi, mara nyingi wa kujitolea. Tarehe 12 Machi 2020, Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka nao wakajenga maktaba ndani ya mchezo wa Minecraft: jumba la matofali zaidi ya milioni 12, lenye makala zilizopigwa marufuku Misri, Vietnam na kwingineko. Tovuti zilikuwa zimefungwa. Mchezo ulikuwa wazi.

Kijana wa mtaa wa Mapendo, Goma, hashindwi na michezo hiyo. Kinachomshinda ni mega za intaneti. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025 na benki kufungwa, pesa imekuwa adimu, na mega zinashindana na unga. Umeme ukikatika, simu hupelekwa kibandani kuchajiwa kwa malipo.

Hata hivyo njia ipo, na imepita karibu nasi. Mwaka 2014 Maktaba Bila Mipaka, shirika la Ufaransa, lilipeleka Ideas Box katika kambi za wakimbizi wa Kongo nchini Burundi. Masanduku yanafunguliwa, na ndani ya dakika 20 hivi panapatikana meza, vitabu, tableti na skrini ya sinema. Lakini sanduku halimwelekezi mtoto. Anayemwelekeza ni mtu anayejua kipi kiko wapi.

Na pasipo sanduku, programu ya Kiwix, iliyoanza 2007, inafanya kazi bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili inaenea kwenye memori kadi, na maarifa ya tiba kwa Kifaransa vilevile. Ikishapakuliwa mara moja, hurushwa simu kwa simu, bila mega hata moja.

Kwa hiyo tusingoje jengo. Shule na parokia za Mapendo zina walimu. Vibanda vina vijana wanaojua simu kuliko sisi sote. Kila shule imteue mmoja, apewe simu, memori kadi na saa moja kila jioni ya kujibu maswali ya wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa. Alipwe, maana ukutubi ni kazi.