Risiti ya Kuhakiki Hesabu za Akili Unde
Programu ya akili unde inapopanga orodha ya wanufaika, mwananchi aliyeachwa ana haki ya kujua iwapo vigezo vilivyotangazwa ndivyo vilivyotumika. Risiti ya kriptografia husaidia kujibu swali hilo. Risiti hiyo huunganisha programu, taarifa zilizoingizwa na matokeo kwa alama moja. Herufi moja ikibadilishwa, alama haioani tena. Kanuni ya SHA-256, iliyoingizwa katika viwango vya Marekani mwaka 2002, huandika alama hiyo kwa tarakimu na herufi 64. Uthibitisho wa kihisabati ukiambatishwa, mkaguzi huru huhakiki hesabu bila kuirudia yote wala kufichua siri za kaya. Hata hivyo, risiti haisahihishi taarifa potofu: idadi ya wanakaya ikikosewa, hesabu sahihi bado itamnyima mtu haki yake. Ni muhimu, basi, taarifa za kaya zihakikiwe kwanza katika ofisi ya kijiji au mtaa.